Mchoro wa Titian kupigwa mnada: mwenye mali auze atakavyo?

Wadau, naleta mjadala. Julai 2024 kampuni ya minada ya Christie's, London, ilipiga mnada mchoro wa Titian, mchoraji wa Italia wa karne ya 16, ukaenda kwa zaidi ya pauni milioni 17.5. Hakuna kazi yake iliyowahi kufikia bei hiyo mnadani.

Ni kazi ya ujana wake, ya mwaka 1508 hadi 1510 hivi. Maria amempakata mtoto Yesu, Yusufu yuko kando. Wamepumzika mashambani, njiani kukimbilia Misri. Upana haufiki sentimita 65, na udogo huo umeuponza. Askari wa Napoleon waliupora Vienna mwaka 1809, ukarudishwa 1815. Mwaka 1995 wezi waliuiba Longleat, kasri la ukoo wa Marquess (cheo cha kikabaila) wa Bath, Uingereza. Miaka saba baadaye mpelelezi Charles Hill akaupata London, kwenye mfuko wa plastiki, kituo cha basi, fremu hakuna!

Sina ugomvi na ukoo huo kuuza. Ni mali yao tangu 1878. Ninachopinga ni kazi kama hii kufungiwa stoo ya tajiri, isionekane tena. Sheria ya Uingereza inaruhusu kuchelewesha kibali cha kuisafirisha nje, ili makumbusho ya nchini yatafute fedha za kuinunua. Lakini mnunuzi akiificha humohumo nchini, sheria hiyo haimgusi. Hapo ndipo penye pengo.

Najua kuna atakayesema mchoro mdogo hivi ulikusudiwa nyumba ya mtu tangu mwanzo, si kanisa. Sawa, lakini hoja nzito kuliko hiyo ni ya fedha: kwa nini umma ulipie sanaa wakati hospitali zinahitaji? Tuangalie michoro miwili mikubwa ya Titian inayomhusu Diana, mungu wa kike wa Warumi. Makumbusho ya taifa ya London na Edinburgh yaliinunua kwa pamoja kutoka kwa Duke wa Sutherland: pauni milioni 50 mwaka 2009, milioni 45 mwaka 2012. Katika ununuzi wa pili, milioni 25 zilitoka kwenye akiba ya National Gallery yenyewe, yaani makumbusho hayo ya London. Duke alilipwa vizuri, na leo mtu yeyote anaingia kuitazama bure.

Napendekeza makumbusho yapewe nafasi ya kwanza kununua, kwa bei ya haki na muda maalumu, kabla ya mnada. Mnaotetea uhuru kamili wa muuzaji, hapo anapoteza nini hasa?