Msaada: njia ya haraka ya kuhama kati ya programu nyingi zilizofunguka kwenye kompyuta

MchapajiMbeya

Wakuu, habari za kazi. Naombeni ushauri kwa mliozoea kompyuta kuliko mimi.

Nina steshenari karibu na chuo hapa Mbeya. Asubuhi kazi ni ya kawaida, ila wanafunzi wakishatoka darasani mchana kaunta inajaa. Hapo nakuwa nimefungua Word nne au tano za wateja tofauti, Excel ya hesabu za duka, PDF zinazosubiri kuchapwa, WhatsApp ya kwenye kompyuta maana wengi hutuma kazi zao huko, halafu kivinjari chenye fomu ya mtu anayeomba ajira. Kompyuta ni ya mezani, Windows 10, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) GB 4, skrini moja.

Kuhama nahama kwa mausi. Nashuka chini ya skrini, nabofya alama ya Word, inanitolea vipicha vidogo vinavyofanana vyote, nakodoa macho, nachagua. Narudi WhatsApp, nashuka tena Word. Jioni kiganja kinauma. Lakini linalonitia hofu zaidi ni kumchapia mtu karatasi za mwenzake. Hizi ni barua za watu, vyeti, namba za NIDA.

Alt na Tab naijua, ila naona inanirusharusha tu. Kila nikiibonyeza vitu vimekaa sehemu nyingine. Ina mpangilio wowote? Na je, kuna njia iliyo bora zaidi kwa kazi kama yangu?

Kisiki

Nunua skrini ya pili, dada. Zilizotumika zipo nyingi. Kazi upande huu, WhatsApp upande ule, utasahau habari ya kuhamahama.

MchapajiMbeya

@Kisiki asante, nimelipokea, ila kwa sasa kaunta haina nafasi na mfuko hauruhusu. Nataka kwanza kutumia vizuri hiki nilicho nacho.

MwalimuWaVitufe

Dada, swali lako la mpangilio ndilo la msingi, kwa hiyo nalianzia hapo.

Alt+Tab haifuati alfabeti wala haifuati ipi ulifungua kwanza. Inafuata ipi umeitumia karibuni. Chukulia rundo la karatasi mezani: uliyoishika mwisho ndiyo iko juu, na iliyotangulia iko chini yake. Ukishikilia Alt na kugonga Tab mara moja kisha ukaachia, unapelekwa kwenye dirisha ulilotoka. Ukirudia hivyohivyo, unarudi ulipokuwa. Ndiyo maana unaona vitu "vimehama": kila ukihama, rundo linajipanga upya.

Sasa tumia jambo hilo kwa faida yako. Kazi nyingi za steshenari zinakwenda kwa jozi. Unanakili kutoka WhatsApp kwenda Word, au unasoma cheti kwenye PDF huku ukijaza fomu kwenye kivinjari. Gusa madirisha yako mawili mara moja kila moja, kisha gonga Alt+Tab mara mojamoja tu. Utakuwa unakwenda na kurudi kati ya hayo mawili bila kutazama chini. Tatizo linaanza pale mtu anapogonga Tab mara tano akitafuta dirisha la sita. Kwa kazi hiyo kuna njia nyingine, nitaieleza.

Kuna mambo madogo ya kuongeza hapo. Ukipitiliza dirisha ulilolitaka, usizunguke upya: ongeza Shift na ugonge Tab ukiwa bado umeshikilia Alt, utarudi nyuma. Ukighairi, bonyeza Esc. Vidole vikichoka kushikilia, bonyeza Ctrl+Alt+Tab. Picha za madirisha zitabaki zimetanda hata ukiachia, kisha unatembea kwa mishale na kubonyeza Enter. Na usiwe na tabia ya kulishusha dirisha chini kila ukimaliza kulitazama, kwa sababu dirisha lililoshushwa linakwenda mwisho wa rundo na jozi yako inavunjika. Liache wazi, funika tu na jingine.

Njia ya pili ni namba, na kwangu hii ndiyo dawa ya kaunta yenye watu. Angalia alama za programu kwenye mstari wa chini wa skrini. Ya kwanza kushoto, ukiacha kitufe cha Start na sehemu ya kutafutia, ni namba 1, inayofuata 2, hadi 9, na ya kumi ni 0. Shikilia kitufe chenye nembo ya Windows na bonyeza namba. Programu ikiwa imefunguka inakuja mbele, ikiwa haijafunguka inafunguka. Zipange wewe mwenyewe kwa kuziburuta, na uzibandike zisiondoke: bofya kulia, chagua "Pin to taskbar". Ukiweka Word 1, PDF 2, kivinjari 3, WhatsApp 4, Excel 5, zitakaa hapo leo, kesho na mwakani. Rundo la Alt+Tab linabadilika kila dakika, ila namba haibadiliki, na kidole kinazoea kitu kisichohama.

Ukiwa na Word tano, shikilia kitufe cha Windows na gonga 1 tena na tena. Itakupitisha kwenye faili moja baada ya jingine hadi uachie. Ukiwa ndani ya Word tayari, Ctrl+F6 nayo inakupeleka kwenye faili la Word linalofuata.

Binti_Kaunta

Mimi nafanya kazi kama yako, Morogoro. Naunga mkono namba, ila hujajibiwa kile kinachokutia hofu, yaani kuchanganya kazi za wateja.

Vipicha vinafanana kwa sababu mafaili yanaitwa Document1, Document2, Document3. Mteja akikaa tu, kabla sijachapa hata neno moja, nabonyeza Ctrl+S (kuhifadhi) na naandika jina lake mwanzoni: "Neema barua ya ajira", si "Barua ya ajira ya Neema". Jina la faili ndilo linaloonekana juu ya kila kipicha, na likiwa refu linakatwa mwishoni. Barua za ajira kwa siku ni nyingi, kwa hiyo ukianza na "Barua ya" utaona "Barua ya" tupu kila mahali. PDF zinazotoka WhatsApp ndizo mbaya zaidi, zinakuja na majina ya tarehe na tarakimu. Zipe jina kabla ya kuzifungua.

Na kabla ya Ctrl+P (kuchapa), macho juu ya dirisha, jina lisomwe kwa sauti, mteja aitikie. Akishalipa na kuondoka, dirisha lake lifungwe. Madirisha yakiwa machache hata Alt+Tab inakuwa nyepesi.

PwaniSaiba

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nina saiba, na ningependa dadangu ajaribu meza pepe. Bonyeza Windows+Ctrl+D, unapata skrini mpya tupu. Kuhama ni Windows+Ctrl na mshale wa kushoto au kulia, na kuifunga ni Windows+Ctrl+F4. Madirisha yaliyokuwamo hayapotei, yanahamia kwenye meza ya jirani. Kila mteja unampa meza yake. Kwa kawaida Alt+Tab inaonyesha madirisha ya meza uliyopo pekee, basi ya mteja mwingine huyaoni kabisa.

Binti_Kaunta

@PwaniSaiba kaka, kwa mteja wa dakika tatu naona ni mzigo. Unafungua meza, unafunga meza, na ukisahau kuna dirisha limebaki upande wa pili, linakaa huko hadi jioni. Labda kwa mtu wa research ya kurasa mia.

MwalimuWaVitufe

Nakubaliana na Binti_Kaunta kwa upande wa wateja. Ila wazo la PwaniSaiba lina mahali pake hapo dukani: meza mbili tu, za kudumu. Ya kwanza ni ya kazi za wateja, ya pili ni ya Excel ya hesabu na mambo yako binafsi. Mteja anayeinama kwenye kaunta kuangalia kazi yake hana haja ya kuona mauzo yako ya jana yakipita kwenye Alt+Tab. Ukitaka kuhamisha dirisha kutoka meza moja kwenda nyingine, bonyeza Windows+Tab kisha liburute.

MchapajiMbeya

Wakuu, mmenifungua macho. Nimepanga namba, na lile la jina la mteja mwanzoni nimelianza leoleo.

Maswali mawili. Kwanza, kwenye Alt+Tab yangu zinatokea hadi kurasa za intaneti nilizofungua kwenye Edge, moja moja, zinajaza skrini. Pili, nikihama kwenda Chrome wakati mwingine inakaa nyeupe kwa muda ndipo inaamka. Ni vitufe au ni mashine?

MwalimuWaVitufe

La kwanza ni mpangilio ulioletwa na toleo la Windows 10 la Oktoba 2020. Fungua Settings, ingia System, kisha Multitasking, tafuta sehemu ya Alt + Tab na uchague "Open windows only". Kurasa utazipitia ndani ya kivinjari chenyewe: Ctrl+Tab inakwenda kichupo kinachofuata, Ctrl+1 hadi Ctrl+8 zinakwenda moja kwa moja, na Ctrl+9 inakwenda kichupo cha mwisho hata viwe thelathini. WhatsApp ukiwa unaitumia ndani ya kivinjari, kamata kichupo chake ukiburute nje kiwe dirisha peke yake. Usikiache kimechanganyika na fomu za wateja.

La pili ni mashine. GB 4 kwa kazi hiyo ni ndogo. RAM ikijaa, Windows inahamishia kwenye diski vile usivyovitumia kwa wakati huo, na ukivirudia inabidi ivisome upya kutoka huko. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc uone Memory na Disk wakati imeganda. Kama Disk inagota 100% na diski yako ni ile ya kuzunguka, hakuna kitufe kitakachokusaidia. Anza na SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi), kisha ongeza RAM ifike GB 8.

Kisiki

Na kabla ya skrini ya pili ipatikane: bonyeza Windows na mshale wa kushoto, dirisha linakaa nusu ya skrini, kisha unachagua la kulia. PDF huku, fomu kule. Kwa kujaza fomu hakuna kuhama kabisa.

MchoraKadi

Natumia Mac kwa kazi za usanifu, Kariakoo. Nimejaribu haya yote na Command+Tab inanipeleka kwenye programu nzima, siyo kwenye dirisha. Nina mafaili mawili ya kadi za harusi kwenye programu moja, nahamaje?

MwalimuWaVitufe

@MchoraKadi kwenye Mac hayo ni mambo mawili tofauti. Command+Tab ni ya programu. Kwa madirisha ya programu hiyohiyo, shikilia Command na ubonyeze kitufe kilicho juu ya Tab, chenye alama ya `. Ukitaka kuyaona yote yametandazwa, bonyeza Control na mshale wa chini.

Mhasibu_Tupu

Naomba kudandia uzi. Nafanya hesabu kwenye kompyuta ya ofisini nikiwa nyumbani, naingia kwa Remote Desktop ya Windows. Nikibonyeza Alt+Tab inahama ya hapa nyumbani, ya ofisini haitikisiki. Nafanyaje?

MwalimuWaVitufe

@Mhasibu_Tupu kama dirisha la Remote Desktop hujalijaza skrini nzima, tumia Alt+Page Up badala ya Alt+Tab, na Alt+Page Down kurudi nyuma. Ukilijaza skrini nzima, Alt+Tab ya kawaida inakwenda ofisini yenyewe. Ukitaka iende huko wakati wote, kabla ya kuunganisha bofya Show Options, ingia Local Resources, na kwenye sehemu ya Keyboard chagua "On the remote computer".

Mhasibu_Tupu

Alt+Page Up imekubali. Shukrani sana mkuu.