Tumechoshwa na semina za "kujiamini". Vijana wa vijijini tunataka kazi na mitaji

Wakuu, heshima zenu. Uzi huu ni mrefu, asiye na muda apite. Ila viongozi na watu wa miradi mliomo humu, nawaomba msome mpaka mwisho.

Kwetu ni uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara. Kata sitaitaja kwa sababu watu watatafutana. Mwezi huu limekuja tena shirika, nalo silitaji, kutufundisha kujiamini. Hii si mara ya kwanza. Kila mradi una jina lake: mara stadi za maisha, mara kubadili fikra, mara uthubutu kwa vijana, safari hii ni kuwajengea kujiamini vijana waliokaa muda mrefu bila ajira. Walengwa ni walewale, ukumbi ni uleule, darasa la shule ya msingi watoto wakiwa likizo. Tunaondoka na cheti chenye nembo nne na nauli ya boda.

Nataka mjue kwanza hao "waliokaa muda mrefu bila ajira" ni akina nani, maana ukisoma maandiko ya miradi unaweza kudhani ni watu wanaolala mpaka saa nne. Ni kaka aliyemaliza kidato cha nne zamani, ambaye msimu wa kupulizia mikorosho anabeba pampu mgongoni kwenye mashamba ya watu kwa malipo ya kutwa, msimu wa mnada wa korosho anashusha magunia kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, na msimu ukiisha anachoma mkaa au anaomba boda ya mtu aendeshe kwa hesabu. Ni dada mwenye watoto wawili anayeamka alfajiri kufuata maji, kwa sababu uwanda huu maji yamekuwa shida tangu enzi za mabibi zetu, kisha akawashe moto akaange mihogo barabarani. Hawa ndio wanaoambiwa hawathubutu.

Sasa nieleze kilichonifanya nishindwe kunyamaza.

Siku ya pili mwezeshaji, kijana wa mjini mwenye adabu zake, sina ugomvi naye binafsi, alitoa kioo cha kujitazamia. Akataka kila mmoja asimame mbele, ajiangalie, aseme kwa sauti: "Mimi ni mshindi, kikwazo changu ni mimi mwenyewe." Ikafika zamu ya kaka mmoja ambaye wengi pale tunamwita bro kwa umri wake. Ana mke, ana watoto, na viganja vyake vimebabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho, kwa sababu anabangua korosho za watu kwa moto na kulipwa kwa kilo. Akakishika kile kioo, akanyamaza. Mwezeshaji akadhani ni woga, akaomba tumpigie makofi ya kumtia moyo. Makofi yakapigwa. Bro akaitamka ile sentensi kwa sauti ya chini, akarudi kukaa, na hakunyanyua kichwa mpaka wakati wa chakula. Nilikuwa nyuma yake. Nilichokiona ni mtu mzima kudhalilishwa mbele ya wadogo zake na kulazimishwa kukiri kwamba umaskini wake kaufanya mwenyewe.

Kikwazo ni yeye? Haya, tuangalie.

Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho, vingi vikiwa huku kusini. Vingi vilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wakati zao lenyewe linaporomoka: kutoka takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74 mpaka chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Watu walikuwa wamehamishwa kwenye vijiji vya ujamaa wakaiacha mikorosho yao mbali, bei ya mkulima ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiri unga ukamalizia. Viwanda vikafa, vikabinafsishwa, na vingine waliovinunua wakavigeuza maghala. Baadaye zao likafufuka, msimu wa 2017/18 nchi ikavuna zaidi ya tani 300,000, lakini sehemu kubwa ya korosho hiyo inapakiwa ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Kazi ya kubangua, ambayo ingeajiri maelfu ya kina mama na vijana wa Newala, Tandahimba na Masasi, inafanywa na mikono ya watu wengine ng'ambo ya bahari. Bro hakusaini mkataba wa kubinafsisha kiwanda. Anapita nje ya ukuta wake kila siku.

Na hilo la kukata tamaa, kwa nini mnaligeuza kichwa chini miguu juu? Nilisoma maendeleo ya jamii chuoni na hili tulifundishwa. Kule Austria kuna kijiji kinaitwa Marienthal. Kiwanda chake cha nguo kilifungwa kati ya 1929 na 1930, karibu kijiji kizima kikakosa kazi. Watafiti walikaa pale wakaona wanaume wanatembea taratibu kuliko zamani, wanasimama simama njiani. Maktaba ya wafanyakazi ilifuta ada ya kuazima vitabu, na bado watu wakaazima vichache zaidi kuliko walipokuwa kazini bila hata muda wa kupumua. Hawa hawakuwa wamezaliwa wanyonge. Kazi iliondoka kwanza, moyo ukafuata. Ukitaka moyo urudi, unaanzia kwenye kile kilichouondoa. Ninyi mnaanzia kwenye kioo.

Turudi nyumbani. Mnasema vijana hawajui kupanga fedha, hawana maono. Mnaijua kangomba? Mtu ana miti yake michache aliyorithi. Mwezi wa nane, wa tisa, ndani hakuna kitu, mtoto anaumwa, mnada haujaanza. Anakuja mnunuzi wa kificho na chombo chake cha kupimia, ananunua korosho ambayo bado iko mtini kwa bei ya kutupa. Mnada ukifunguliwa, anayechekelea ni yule mwenye chombo. Mwaka 2018 serikali ilipotangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kusomba, wakulima wengi wakasubiri malipo kwa miezi huku uhakiki ukiendelea, na vibarua wao wakasubiri nyuma yao. Njaa ile ingetibiwa na kujiamini? Kijana anauza kwa kangomba akijua kabisa anapunjwa. Anajua hesabu kuliko mwezeshaji. Anachokosa ni laki moja ya kuvukia miezi miwili.

Kuna mama wa makamo alikaa mstari wa mbele, mkimya muda wote. Siku ya mwisho aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, nikishajiamini, nauzia wapi?" Mwezeshaji akasema swali zuri, akaliandika kwenye karatasi la ukutani chini ya kichwa "Maegesho", kwamba tutalirudia. Hatukulirudia. Ratiba ilikuwa imefika kwenye kugawa vyeti.

Mafunzo mengine yalikuwa ya usaili: kaa wima, mtazame machoni anayekuhoji, shika mkono kwa nguvu. Kwetu kijana hamkazii macho mkubwa wake anapoongea naye, ni malezi, na hapo tukaandikiwa kwamba hiyo ni dalili ya kutojiamini. Sawa, tujifunze, huenda ikasaidia. Lakini usaili wenyewe uko wapi? Maombi ya kazi za serikali yanapita mtandaoni, na kwetu intaneti unaifuata mpaka kwenye mwembe uliopo juu ya kilima. Ukiitwa, unahitaji nauli, pa kulala na nguo. Semina nzima hakuna aliyezungumzia nauli.

Na hapa wakuu naomba umakini, maana ndipo fedha zinapoishia. Siku ya kwanza tunapewa karatasi: "Kwa kipimo cha 1 mpaka 5, unajiamini kiasi gani?" Siku ya mwisho tunapewa karatasi ileile. Siku ya kwanza watu hawajui wanaulizwa nini, wanaandika 2, wanaandika 3. Siku ya mwisho posho iko kwenye bahasha mezani, mwezeshaji amekuwa rafiki, watu wana haya ya kumwangusha, wote wanaandika 5. Hiyo ndiyo inakwenda kwenye ripoti kwamba kujiamini kumepanda. Mfadhili anafurahi, mradi unaongezewa muda. Hakuna anayeuliza baada ya miezi sita ni wangapi wana kipato. Kwa kundi lililopita naweza kuwajibu, kwa sababu naishi nao: wanafanya vibarua vilevile walivyokuwa wakifanya.

Nilimwuliza mwezeshaji kama kuna ushahidi kwamba mafunzo ya aina hii yanafanya kazi. Akanitajia Togo. Nashukuru alitaja, kwa sababu utafiti ule naujua. Ni kweli, ulitoka mwaka 2017, ulihusu wafanyabiashara wadogo 1,500 wa Lomé, na waliofundishwa kuwa na msukumo binafsi, kutafuta fursa bila kusubiri, faida yao ilipanda kwa asilimia 30 hivi, kuliko hata waliofundishwa utunzaji wa hesabu. Lakini hao ni watu wenye biashara tayari, tena mjini! Walikuwa na bidhaa na wateja, kikabaki kichocheo. Unachukua matokeo ya mwenye duka unayaleta kwa asiye na hata meza? Kama tunataka mfano wa walio chini kabisa, tuangalie Monrovia, Liberia. Wanaume karibu 1,000 waliokuwa kwenye maisha ya hatari; wengine walipewa wiki nane za mafunzo ya kubadili fikra na tabia, wengine dola 200, wengine vyote viwili. Kwa waliopata mafunzo peke yake, mabadiliko yalififia ndani ya mwaka. Waliopata mafunzo pamoja na fedha ndio waliodumu kupunguza uhalifu na fujo. Kwa hiyo sipingi mafunzo, wakuu. Napinga kuletewa nusu ya dawa miaka nenda miaka rudi, halafu tusipopona lawama ziwe zetu.

Mtasema fedha zipo, kuna mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Naijua. Tangu 2018 iko kwenye sheria: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, kutoka mapato ya ndani, bila riba. Mpango mzuri kabisa kwenye karatasi. Mwaka 2023 ukasimamishwa baada ya ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuanika vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa, ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Waliokula kupitia vikundi hewa ni watu wanaojiamini sana. Walioadhibiwa kwa kusubiri ni kina dada wa mihogo. Na kipindi chote mikopo imesimama, kwetu semina hazikusimama.

Hata sasa, kuufikia mkopo kunahitaji kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki, andiko la mradi, barua ya mtendaji. Hayo ndiyo mambo kijana wa kijijini anakwama. Badala ya kushika kioo, wangekaa nasi siku zile zile tukaandika katiba na andiko, wakatupeleka benki kufungua akaunti, wakatusindikiza kwa afisa maendeleo ya jamii mpaka jalada lisajiliwe, leo tungekuwa na vikundi. Gharama ya gari, ukumbi, hoteli ya wawezeshaji wilayani na mabango ingenunua mashine ndogo ya kubangulia na vifungashio vya kikundi kizima. Nimejaribu kuomba kuona bajeti ya mradi. Nimeambiwa ni ya mfadhili.

Najua kuna watakaokuja hapa na lile jibu la siku zote, kwamba watu wa kusini wavivu, wanapenda ngoma na unyago. Njoo mwezi wa saba ubebe pampu ya salfa jua la mchana, pua imefungwa kwa kitambaa kwa sababu barakoa hakuna, halafu tuzungumze uvivu.

Ninachotaka:

Shirika lolote linalokuja kata yetu lije na fedha ya kuanzia au soko lililokwisha kubaliwa, mafunzo yaambatane na hicho. Likiwa na mafunzo matupu, serikali ya kijiji iwe na ubavu wa kulikatalia. Kipimo cha mafanikio kiwe kipato cha mshiriki baada ya mwaka mmoja, kisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji mbele yetu, pamoja na matumizi ya mradi. Semina zisipangwe wakati wa kuokota korosho, maana safari hii watu wamepoteza vibarua kwa posho isiyofikia hata malipo ya siku. Na lile zoezi la kioo life kabisa, leo.

Barua nimeandika, vijana wenzangu wanaisaini, itapita kwa mtendaji kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri na nakala kwa diwani. Kabla sijaipeleka naomba msaada wenu. Walioko Liwale, Nanyumbu, Tunduru na kwingine kokote mlikopitia semina hizi, wekeni hapa: mlifundishwa nini, mliondoka na nini mkononi, na kuna aliyewahi kurudi kuwauliza mnaendeleaje? Na kama kuna kijiji kimewahi kulikataa shirika la namna hii kwa barua, naomba mniwekee maneno mliyotumia.