Nataka kumnunulia mume wangu gari, naogopa nisije nikamuumiza

Mama Mwaloni

Habari za jioni ndugu zangu. Naombeni ushauri, jambo hili linaninyima usingizi wiki ya tatu sasa.

Nina miaka 38, mume wangu 44, tunaishi Buhongwa, Mwanza, na watoto watatu. Mimi nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, yeye ni mwalimu wa sekondari upande wa Misungwi. Anakwenda na kurudi kwa pikipiki, mwaka wa tisa huu.

Mwaka 2016 mvua ilinyeshea dagaa wangu wote wakiwa bado mchangani wanaanikwa. Walioza, mtaji ukaisha, na nilikuwa nadaiwa. Mume wangu akauza kiwanja chake, kile alichokinunua kwa mkopo wake wa kwanza wa kazi, akanipa hela yote mkononi. Hajawahi kukitaja tena. Hata tukigombana, hajawahi. Tukienda kanisani tunakipita, siku hizi kuna nyumba ya watu pale, na kila tukikaribia mimi ndiye ninayeangalia upande wa pili.

Sasa biashara imesimama. Nimekusanya milioni 15 na nataka nimnunulie gari. Siku za mvua anayafunga madaftari ya wanafunzi kwenye nailoni, anayabana kifuani chini ya koti. Akifika nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, anayapanga mezani na kuyapapasa moja moja kama yamelowa. Mwezi wa tatu aliteleza, goti likavimba, mpaka leo akipanda ngazi anashika ukuta.

Ninachoogopa ni hiki. Ni mtu wa kujiheshimu sana, na kuna wifi yangu alishasema mbele za watu kwamba kwa kaka yake siku hizi mwanamke ndiye mwenye sauti. Nikimletea gari si atajiona mdogo? Nimfanyie ghafla au nimwambie kwanza? Mama yangu naye anasisitiza kadi iandikwe jina langu. Na kwa hela hii, niagize Japani au nitafute la mkononi hapa hapa?

Chapakazi

Dada, hongera. Ila msikilize mama yako. Nimeona watu wamenunuliwa magari wakayatumia kubebea wengine. Jina lako, kadi kabatini, yeye aendeshe tu.

Binti Sengerema

Chapakazi, mtu aliuza kiwanja bila kumwandikisha mkewe popote, leo unataka afichiwe kadi? Mimi siwezi kumshauri hivyo.

Fundi wa Nyakato

Mama Mwaloni, mimi nitajibu la gari, mengine nawaachia wenye hekima.

Kuagiza kwa milioni 15 kunawezekana kwa gari dogo, lakini utabanwa. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, na gari likizidi miaka 10 tangu litengenezwe linaongezewa ushuru wa uchakavu asilimia 30. Yale ya bei nafuu karibu yote yameshavuka umri huo. Na likishatoka bandarini Dar es Salaam bado una safari ya zaidi ya kilomita 1,100 kulifikisha Mwanza. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, weka aina, mwaka na injini, utaona mwenyewe kodi inavyokimbizana na bei ya gari.

Kwa hiyo tafuta la mkononi lililotunzwa, usitumie hela yote. Bakiza walau milioni 2 za matairi, bushi, shokapu na bima. Kwa barabara za huko anakokwenda nakupendekezea Toyota Spacio ya toleo la pili au Raum, injini ya 1NZ, cc 1,500. Vipuri vyake vimejaa mjini na kila fundi anaijua. IST nayo nzuri, ila kwa watoto watatu na mizigo utaona imebana.

Ukienda kuliangalia, mwambie mwenye nalo asiliwashe kabla hujafika. Gari linajieleza likiwa la baridi. Injini ikishakuwa ya moto inaficha mengi. Fungua mfuniko wa oili, ukikuta utando mweupe kama maziwa, maji yanaingia kwenye oili, ondoka. Likiwaka na kutoa moshi wa bluu linakula oili. Weka gia ya R (kurudi nyuma) kisha D (kwenda mbele) huku umekanyaga breki: likigonga kwa kishindo, jiandae kwa gia boksi. Inua kapeti uangalie kutu. Linganisha namba ya chesi na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Angalia pia faini za barabarani za namba hiyo ya usajili, usije ukalipa za mwenzio.

Na nikuombe kitu: usije ukabebea dagaa humo. Ile harufu haitoki, na mwalimu atajua gari ni la biashara yako, yeye dereva.

Wakili Mtaani

Kuhusu jina. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 61, inasema mwenzi akimpa mwenzake mali wakati wa ndoa, mali hiyo inachukuliwa ni ya aliyepewa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo amua moyoni kwanza kama unampa au unamwazima. Kama unampa, andika jina lake.

Lingine, kuhamisha umiliki TRA kunahitaji namba ya mlipakodi (TIN) ya mnunuzi, mkataba wa mauziano na ushuru wa stempu asilimia 1. Ukimfanyia ghafla utaandika jina lako kwanza, halafu ulipie tena kulihamishia kwake. Na leseni yake ya pikipiki haimruhusu kuendesha gari, lazima asome na kupimwa upya.

Mzee wa Bwiru

Mwanangu, mke wangu alinipa gari mwaka 2011, siku ya kuzaliwa kwangu. Alialika ndugu, akalifunga utepe, watu wakapiga vigelegele. Nilicheka, nikamshukuru, kisha nikakaa karibu mwaka bila kuligusa. Kila mmoja pale alinitazama uso kuona nitafanyaje, na mimi sikuwa na pa kuuweka. Mke wangu alilia sana, akidhani silitaki. Gari nililitaka.

Wewe una neno ambalo yeye hakuwa nalo. Kile kiwanja. Kaa naye nyumbani, wawili tu, umwambie kiwanja chako kimerudi. Usimwambie zawadi. Wifi atakuja kuliona barabarani kama watu wengine.

Mama Mwaloni

Ndugu zangu, nimerudi. Nimemwambia jana usiku.

Alikuwa anasahihisha madaftari. Nikasema maneno ya Mzee wa Bwiru kama yalivyo, nikashindwa kumalizia. Akaweka kalamu chini, akakaa kimya mpaka nikaogopa. Kisha akaniuliza, "Kumbe bado unakikumbuka?" Nikamwambia sijawahi kukisahau hata siku moja. Akavua miwani, akafuta macho kwa shati, na mimi nikaenda jikoni ili asione aibu.

Niliporudi alikuwa ameshatoa leseni na karatasi yenye TIN yake, ananiuliza Spacio inakula mafuta kiasi gani. Mama yangu nitamweleza mwenyewe, kadi itakuwa jina la mume wangu.

Jumatatu anaanza masomo ya udereva. Jumamosi tunakwenda Nyakato kuliona moja, amesema na yeye anakuja. Fundi, nimeshampigia mwenye gari asiliwashe. Tutakuwa pale saa moja asubuhi.