Eti koili yangu ni SINIA LA PILAU! Mbele za watu!

Msaka Senti (Ohio):

Wakuu, nimeingia ndani sasa hivi, viatu sijavua, tope limekaukia magotini na mikono inatetemeka kwa hasira. Msiniambie nitulie kwanza. Nikitulia sitaandika.

Yule bwana mnamjua. Sitamtaja na hakuna haja. Mtu akisema "yule mwenye ditekta", ile mashine ya kusaka metali ardhini, iwe msibani, iwe harusini, iwe kwenye mechi ya watoto, shingo zote zinageukia upande mmoja. Yule ambaye kila sarafu iliyowahi kugongwa duniani yeye alishaiokota, ya zamani kuliko yako, safi kuliko yako. Huyo huyo.

Leo kanitukana mbele ya watu wanane, na mmoja wao ni shemeji yangu.

"Kaka, hiyo koili irudishe jikoni. Hilo ni sinia la pilau."

Sinia la pilau!

Sasa niwaulize, hiyo koili, kile kisahani cha chini ya ditekta kinachosikia metali, nani aliniambia ninunue? Yeye! Nilikuwa na ditekta yangu ya Equinox 800 na koili iliyokuja nayo, ya inchi 11, nimeridhika, simsumbui mtu. Akanifuata mwenyewe kwenye maegesho ya magari. "Bustani hizi za zamani watu wamezipita juu juu miaka arobaini. Sarafu za fedha zilizobaki ziko chini. Unataka kina, na kina ni koili kubwa." Nikavunja kibubu, nikanunua ile ya inchi 15 kwa 12. Mke wangu mpaka leo anajua ni kipuri cha gari.

Koili ile ukiitembeza saa tatu kwenye majani yenye umande, bega si lako tena. Juzi kikombe cha chai nimekiinua kwa mikono miwili kama mtoto. Nimevumilia, kwa sababu mkubwa kasema kina.

Basi leo tuko bustani ya jiji, ile yenye mialoni mikubwa na jukwaa la bendi la zamani. Kibali ninacho, nimekikunja mfukoni. Mliofika mnajua palivyo. Watu wamekula, wamekunywa na wametupa pale zaidi ya miaka mia. Kila hatua ni vipete vya makopo ya soda, vile vya zamani vya kung'oka na mkia wake, foili, vizibo vya chupa, misumari. Ditekta haiimbi pale, inagombana. Koili kubwa inameza vitu vitatu kwa mpigo halafu kwenye kioo inakupa namba moja ya uongo kuhusu ni metali gani. 13, 22, 17, inarudi 13. Nimechimba vipete thelathini na kimoja. Viko hapa mezani, nimevihesabu mara mbili.

Karibu na benchi nikapata mlio mrefu, mzuri, wa juu. Ukakatika. Nikazunguka, nikaushika kwa upande wa pili, ukarudi, ukakatika tena. Nikakata majani kwa umbo la kwato, nikayafunua bila kuua mzizi, nikachimba. Kipete kimoja, msumari mmoja wenye kutu. Nikapitisha koili, kelele tupu. Nikarudisha udongo, nikalaza majani, nikakanyaga. Kazi safi. Hata mtunza bustani asingejua.

Bwana mkubwa akaja. Na koili gani? YA INCHI SITA. Kadogo kama kisahani cha kikombe! Aliyeniambia kina ni koili kubwa, yeye kafunga kadogo! Akaipitisha juu ya shimo langu, polepole, kama mtu anayepiga pasi kanzu ya Ijumaa. Shimo LANGU, alama ya soli yangu bado iko juu. Tii. Tii. Akaganda. Akafunua majani niliyoyakata mimi kwa kisu changu, akaingiza vidole. Hakwenda chini kabisa, alikwenda ubavuni mwa shimo, kiasi cha kiganja kimoja kutoka juu. Udongo ulipobomoka nikaona ukingo mweupe.

Wenye kazi hii mnajua weupe ule. Shaba inatoka ya kijani, chuma kinatoka kama kinyesi cha mbuzi, lakini fedha inatoka ardhini kana kwamba imedondoka jana jioni. Dime ya Mercury, ile sarafu ya senti kumi ya Marekani, 1941. Yule mwanamke mwenye kofia ya mabawa kageuzia uso pembeni, kama na yeye ameona aibu kwa niaba yangu. Jamaa akaisugua kwa kidole gumba, na mchanga wake, akainyanyua juu watu wote waone, akaniangalia mimi, akaangalia koili yangu, ndipo akasema.

Sinia. La. Pilau.

Watu wakacheka. Shemeji akacheka mpaka akashika benchi.

Angesema sijui kuzungusha mkono, ningemeza. Angesema nina haraka, ningemeza, nina haraka kweli. Lakini koili uninunulishe wewe, bega niumie mimi, dime uokote wewe kwenye shimo langu, halafu unaniambia SINIA? Nimeendesha dakika ishirini kurudi nyumbani na kila taa nyekundu nikisimama nasikia sinia, sinia, sinia.

Yeyote aliyewahi kudanganywa koili na huyu bwana ajitokeze hapa leo.

Fundi Waya (Georgia):

Nipo mkuu! Mimi aliniambia ninunue koili ya duara, ile ya nyaya mbili moja ndani ya nyingine, "inazama kama mkuki". Inazama wapi? Udongo wa huku ni mwekundu kama matofali, chuma kimejaa ndani yake, koili ya namna ile inapiga makelele kabla hata sijaishusha. Ningenunua koili ya DD ningepona, ile inashika ukanda mwembamba katikati, udongo hauisumbui sana. Nilipompigia simu akasema hajawahi kunishauri kitu. Nina sauti yake kwenye simu! Dakika kumi na moja!

Mkwezi:

Ngoja nielewe, mtoa uzi. Ulisimama juu ya fedha, ukaichimba pembeni, ukaifukia tena kwa mikono yako, halafu UKAIKANYAGA?

Kisiki cha Mpingo:

Ukaikanyaga kwa usafi kabisa, hata mtunza bustani asingejua 😂😂

Msaka Senti:

Mkwezi, hujasoma uzi. Rudi usome aliposema sinia.

Mzee wa Kutu:

Vijana, tusitukanane. Koili ya inchi 15 ni ya shamba lililolimwa, mahali pasipo na takataka, unataka kufagia eneo kubwa kwa siku moja. Bustani ya watu unaingia na inchi 6, au hiyo ya 11 kama huna nyingine, na unatembea taratibu. Kinachokunyima sarafu pale si kina. Ni kipete kilicholala jirani na dime, koili kubwa inavisikia vyote kama kitu kimoja. Dime ya fedha kwenye mashine yako ingesoma 26 au 27. Kipete kimeishusha, msumari umeikata. Huyo bwana alichukua koili ndogo kwa sababu anajua. Kukuambia ununue kubwa ni kosa lake. Ila swali langu moja, mwanangu. Kile kipointa, kiditekta kidogo cha mkononi, ulikitia shimoni ukagusa ukutani?

Msaka Senti:

Shikamoo mzee. Betri iliisha.

Mkwezi:

BETRI ILIISHA 😂😂😂 Nimelala chini huku.

Msaka Senti:

Betri ingekuwepo, na yeye asingesema sinia? Angesema tu! Alikuwa nalo mdomoni tangu asubuhi!

Shemeji Mtu:

Mimi ndiye shemeji. Sikucheka. Nilipaliwa na karanga.

Msaka Senti:

Ulishika benchi, shemeji.

Nuru wa Muscat:

Hamjambo. Ninyi mna raha, mna majani. Mimi nipo ufukweni huku, mchanga umelowa maji ya chumvi, ditekta yangu ni ya masafa ya aina moja tu, inalia toka nishuke garini mpaka nirudi. Mtu nikimwambia nabadilisha koili ananiambia koili haitibu chumvi, nibadilishe mashine nzima. Mashine nzima! Kwani pesa inaota?

Mchimba Chunya:

Nyie mnalia kwa sinia, sinia angalau utakulia. Mimi niliuziwa fimbo mbili zenye antena na kiboksi chenye taa. Haina koili, haina waya wa kueleweka. Muuzaji akasema inaona dhahabu toka kilomita moja, na mali ya Mjerumani inaiona hata kama imezikwa chini ya mbuyu. Siku ya kwanza imetupeleka kwa kasi, watu sita na majembe, tumechimba mpaka mabega yamezama. Rimu ya baiskeli. Siku ya pili imetupeleka kwenye choo cha shule. Muuzaji simu hapokei, picha yake ya wasifu kabadilisha kaweka maua.

Kisiki cha Mpingo:

Pole mkuu wa Chunya, umepigwa. Kitu kisicho na koili hakisikii chochote chini, hiyo taa inawaka yenyewe. Ila rupia za Mjerumani zipo kweli. Babu yangu alikuwa nayo, Kaiser, mfalme wao, na kofia yake ya chuma, ya fedha, zaidi ya gramu kumi na moja. Ile hata koili mbovu itaisikia.

Dada Sarafu:

Zipo, lakini Tanzania msichimbe kiholela kwenye magofu na makaburi ya kale. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Pale Mtambwe Mkuu, Pemba, 1984 zilitoka sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na kwa kuwa wataalamu walizikuta zilipolala, leo tunajua watawala walioziandika majina yao. Ungepita wewe na fimbo zako, zingeishia kwa sonara.

Na mtoa uzi, kilichoniuma mimi ni KUSUGUA. Sarafu ya fedha imetoka mchangani unaisugua kwa kidole gumba? Kila chembe ni wembe! Uso wa yule mama umekwaruzwa milele. Unaimwagia maji, unaiweka kwenye pamba, basi. Huyo bwana anastahili kunyang'anywa ditekta kwa hilo tu.

Msaka Senti:

Asante dada! Alisugua! Halafu akasema sinia!

Fundi Waya:

Mnajua huyo huyo aliahidi mchango wa harusi ya mdogo wangu, akaandika dola 200 kwenye daftari mbele ya kamati, mpaka leo bi harusi ana mtoto anatembea?

Kwa Mama Zulekha:

WACHA! Kumbe siyo mimi peke yangu? Kwangu aliahidi ng'ombe nusu. Siku ya siku kaja na watu saba na kakaa meza ya mbele.

Shemeji Mtu:

Harusi ya Dayton? Ile ambayo pilau liliisha saa mbili?

Kwa Mama Zulekha:

Halikuisha, liliibwa. Sufuria mbili zilipakiwa kwenye gari nikiwa navaa mtandio. Na walioiba wamo humu ndani, nawaona wanasoma kimyakimya.

Mkwezi:

Pilau lenyewe lilikuwa na viazi. Nani aliwaambia viazi vinaingia kwenye pilau?

Nuru wa Muscat:

Viazi vinaingia. Kwetu Unguja pilau bila mbatata ni wali wa kahawia.

Mchimba Chunya:

Wali wa kahawia 😂 Mkuu wa Muscat usituvunjie heshima.

Msaka Senti:

Wakuu, turudi kwenye mada. Nimesimama pale, dime iko juu, watu wanane wanatazama, na jamaa anasema

Kwa Mama Zulekha:

Samahani mtoa uzi, hiyo koili ni inchi 15 kwa ngapi?

Msaka Senti:

15 kwa 12. Kwa nini?

Kwa Mama Zulekha:

Sinia la namna hiyo ni la watu wanne, watano wakibanana. Watu wanane walitaka masinia mawili. Hata masinia hayajui huyo.

Nuru wa Muscat:

Watu wanne, na mbatata katikati.

Mkwezi:

HAKUNA VIAZI KWENYE PILAU.