MREJESHO: Binti yangu wa kiti mwendo ameanza darasa la kwanza

Habari zenu wakuu. Niliwaomba ushauri baada ya shule ya msingi ya mtaani kwetu, huku Mbagala, kumkataa binti yangu anayetumia kiti mwendo. Waliniambia nimpeleke "shule za wenzake".

Nilifanya mlivyonielekeza. Nilichukua barua serikali ya mtaa, nikaenda kwa afisa elimu kata na nakala ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayompa mtoto kama wangu haki ya kusoma sawa na wengine. Mama yule aliisoma pale pale, akanyanyua simu. Jumatatu tukaandikishwa.

Mlangoni kuna ngazi tatu. Wazazi tulichanga saruji, fundi akajenga mteremko pembeni. Siku ya kwanza fundi alikuwa ametoka kuumwagia maji, magurudumu yakaacha mistari miwili hadi ndani ya darasa. Nililia, jamani.

Choo bado. Mlango ni mwembamba, kiti hakipiti, hivyo kila siku saa nne asubuhi naenda kumbeba. Nimeomba nafasi kwenye kikao cha kamati ya shule. Aliyewahi kujengesha choo cha namna hiyo anisaidie vipimo vya mlango na vyuma vya kushikia.