Anemoni waharibifu wanaongezeka kila ninapowakwangua: niwaondoeje bila kuyaumiza matumbawe?

Mwanzisha mada

Salamu kwenu wanajukwaa. Ninafuga matumbawe, mengi yakiwa laini na machache magumu, katika tangi la maji ya chumvi la lita 200 ambalo limetimiza mwaka mmoja na nusu. Miezi minne iliyopita niliona juu ya jiwe mojawapo kiumbe kidogo cha kahawia, chenye shina jembamba linalopenya mwanga na minyiri mirefu iliyochongoka, na kwa kutojua nilifurahi nikidhani nimepata mgeni wa heri. Nilipobaini kwamba ni anemoni mharibifu wa aina ya Aiptasia, nilimkwangua kwa kisu nikaamini kazi imekwisha. Wiki tatu baadaye, palepale nilipokwangua, palikuwa na anemoni wadogo sita. Leo nimehesabu 34, na wawili kati yao wamejibanza kwenye kitako cha tumbawe ninalolipenda kuliko yote. Upande huo tumbawe limekunja polipu zake (vile viumbe vidogo vyenye minyiri vinavyolijenga), na nyama yake imeanza kusinyaa na kuacha mfupa mweupe.

Mawe matatu yaliyoathirika zaidi yanaweza kutolewa, na nimefikiria kuyachemsha. Je, njia hiyo inafaa? Pia ningependa kusikia kutoka kwa waliofanikiwa kwa kutumia kamba au viumbe wengine wanaokula anemoni. Ndani ya tangi nina samaki wadogo watatu, mmoja wao akiwa Pseudocheilinus hexataenia, yule mwenye mistari sita.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, tafadhali usiyachemshe mawe hayo. Polipu za jamii ya Palythoa, na baadhi ya Zoanthus, ambazo huota juu ya mawe kama matumbawe laini, hubeba sumu iitwayo palitoksini, ambayo ni miongoni mwa sumu kali zaidi zinazotokana na viumbe hai, na joto la maji yanayochemka haliiondoi. Wapo wafugaji waliolazwa hospitalini pamoja na watu wa nyumbani mwao kwa sababu ya kuvuta mvuke wa mawe yaliyokuwa yakichemshwa jikoni, wakiwa na homa, kikohozi na kubanwa na pumzi. Hata kama unaamini kwamba mawe yako hayana polipu hizo, zipo ndogo zinazojificha kwenye mashimo. Isitoshe, jiwe lililochemshwa hupoteza bakteria wake wote, na mabaki yaliyooza ndani yake hutoa amonia pindi unapolirudisha.

Mchangiaji wa pili

Ninaunga mkono onyo hilo kwa moyo wote, na ningependa kueleza kwa nini kisu kilikuletea sita badala ya kukuondolea mmoja. Anemoni huyu, ambaye wanasayansi sasa humwita Exaiptasia diaphana ingawa wafugaji wengi tumebaki na jina la zamani, huzaliana kwa kuacha vipande vya wayo wake anapotembea juu ya jiwe, na kila kipande, hata kikiwa kidogo kama kichwa cha pini, huweza kukua na kuwa anemoni kamili. Ulipokwangua ulimsaidia kufanya kile ambacho angekifanya mwenyewe polepole. Ni wepesi huohuo wa kujizidisha uliowafanya watafiti wamfuge maabara ili kuchunguza uhusiano wa matumbawe na mwani unaoishi ndani yake, hadi jenomu yake, yaani mfuatano mzima wa vinasaba vyake, ikachapishwa mwaka 2015. Kwa hiyo unapambana na kiumbe mgumu kwelikweli, na kanuni ya kwanza ni kumwua akiwa mzima bila kumrarua.

Kwa anemoni 34, mimi ningeanza na chokaa. Chukua hidroksidi safi ya kalsiamu, ile inayotumika kuongeza kalsiamu katika matangi, uichanganye na maji kidogo yaliyochujwa mpaka iwe kama uji mzito unaoweza kupita katika bomba la sindano. Vaa glavu na miwani ya kinga, kwa maana uji huo una pH inayozidi 12 na huunguza ngozi na macho kama unavyomuunguza anemoni. Zima pampu zote na usubiri maji yatulie kabisa. Shusha ncha ya sindano taratibu kutoka juu, bila kumtupia kivuli, kwa sababu akishtuka hunywea ndani ya shimo kufumba na kufumbua. Ncha ikifika katikati ya minyiri, dondosha tone dogo juu ya mdomo. Mara nyingi hulipokea kama chakula na kufunga minyiri juu yake, na hapo ndipo unapommiminia kiasi cha kumfunika mwili mzima pamoja na mdomo wa shimo alilomo. Subiri dakika kama 15 kabla ya kuwasha pampu, ili uji usipeperuke na kuangukia matumbawe.

Usiwamalize wote siku moja. Katika tangi la lita 200 mimi nisingezidi watano kwa siku, nami ningepima pH kabla na baada, kwani chokaa nyingi kwa mkupuo mmoja huipandisha ghafla na kuwasumbua samaki. Rudi mahali palepale baada ya wiki moja, kwa sababu aliyeungua nusu huchipuka upya.

Mchangiaji wa tatu

Chokaa huwapata wale unaowaona tu. Ukihesabu 34 upande wa mbele, naamini wapo wengine nyuma ya mawe na ndani ya mabomba, na hao hawafikiwi na sindano.

Kamba anayekula anemoni hawa ni wa jenasi ya Lysmata, hasa Lysmata wurdemanni na jamaa zake wa karibu, mwenye mwili unaopenya mwanga na mistari myembamba myekundu. Mtazame vizuri kabla ya kumchukua, kwa kuwa huchanganywa mara kwa mara na Rhynchocinetes durbanensis, mwenye mgongo ulioinuka, macho makubwa na mistari myeupe iliyokolea juu ya wekundu. Huyo hawagusi anemoni na badala yake huweza kutafuna polipu za matumbawe yako. Lysmata naye hana uhakika. Hula zaidi anemoni wadogo, tena usiku, na akishiba chakula cha samaki huwasahau.

Anayenipa imani zaidi ni Berghia stephanieae, konokono wa baharini asiye na kombe, mwenye urefu wa sentimita mbili au tatu, ambaye chakula chake ni anemoni hawa peke yao. Nimewahi kumwona mmoja usiku kwa mwanga mwekundu wa tochi: alisogea mpaka minyiri ikamgusa, akanywea kidogo, kisha akarudi na kuanza kumla anemoni kuanzia kwenye shina. Huhitaji kuwa wengi na kupewa muda wa miezi, kwani huanza kwa kutaga mayai yanayofanana na uzi mweupe uliozungushwa, na kizazi cha pili ndicho kinachofanya kazi kubwa. Tatizo lako ni samaki wa mistari sita, ambaye huwawinda. Kamba wa Lysmata nao huweza kuwala, hivyo usiwaweke pamoja.

Kitatange Chelmon rostratus, ambaye wengi watakushauri, hukua hadi sentimita 20 na mara nyingi hukataa chakula. Kwa tangi lako ningemwacha kabisa.

Mwanzisha mada

Ninawashukuru sana. Nimeangalia kwa makini na nimeona polipu za Palythoa kwenye jiwe moja kati ya yale matatu, kwa hiyo onyo lile limeniokoa. Samaki wa mistari sita siwezi kumwondoa kwa sasa, hivyo nitaanza na chokaa. Je, wale wawili walio kwenye kitako cha tumbawe niwafanyeje, ikiwa uji huo utaliunguza pia?

Mchangiaji wa pili

Hao usiwaguse kwa chokaa. Kama tumbawe limekaa juu ya kigingi (kile kijiwe kidogo cha kubandikia tumbawe), lihamishie kwenye kigingi kipya na ukitupe cha zamani pamoja na anemoni waliomo. Kama limeshikana na jiwe lenyewe, litoe nje ya maji kwa muda mfupi, ukaushe sehemu hiyo kwa karatasi laini, kisha umfunike kila anemoni kwa gundi nzito ya sianoakrilati (ile iitwayo super glue), ukihakikisha kingo zote zimeziba. Gundi ikiacha upenyo, atatokea kando yake. Baada ya hapo lirudishe tumbawe mahali penye mkondo wa wastani, na uiangalie ile nyama iliyosinyaa kila baada ya siku mbili. Ikiacha kurudi nyuma ndani ya wiki mbili, polipu za upande huo zitaanza kufunguka tena.