Jina la Baskerville ni la kutunga au lipo kweli?

Wakuu habarini, nimemaliza ile hadithi ya Sherlock Holmes yenye mbwa wa kutisha, ya Conan Doyle ya 1902, sasa hili jina la Baskerville limenikaa kichwani, Uingereza kuna watu kweli wanaitwa hivyo au alijitungia tu?

— Wapo mkuu ila wachache sana. Cheki fonti kwenye kompyuta yako, ile Baskerville ni ya John Baskerville, mchapaji wa Birmingham karne ya 18, jamaa alihangaika na herufi, wino mpaka karatasi, 1757 akachapa mashairi ya Virgil, yule mshairi wa Roma ya kale, 1763 Biblia kule Cambridge. Mimi napanga kurasa za vitabu vya kuchapwa na herufi zake nazipenda kuliko zote, hazichoshi macho kabisa.

— Doyle naye hakulitoa hewani, rafiki yake Fletcher Robinson wa Devon alikuwa na mwendesha gari la farasi anaitwa Harry Baskerville.

— Hata kwetu Uganda limefika, mmisionari George Baskerville aliingia Buganda 1890 na Askofu Tucker.

— Aisee ya Uganda sikutegemea, asanteni sana ndugu zangu.